Insha ya Mikono Sita

Shuleni, Magwagwa
8 Juni 1971

Kwa Mama Mokeira,

Mimi ni Manasseh Obwocha, mwalimu wa lugha wa darasa la saba. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nililelewa Kisii mjini, karibu na Daraja Mbili, baba yangu akiwa karani, na Ekegusii yangu ina mashimo mengi. Unisamehe kwa hilo. Kwa haya yanayofuata siombi msamaha.

Ijumaa niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: insha ya kurasa mbili, "Siku Niliyoogopa Sana". Jana nilikusanya madaftari. Nilipofungua la binti yako nilidhani macho yangu yameanza kuugua. Aya ya kwanza ni mwandiko wa Mokeira, ule unaolalia kulia. Aya ya pili ni ya Nyasani, ambaye herufi zake huwezi kujua kama ni herufi au ni mende. Ya tatu ni ya Nyanchama. Nikaendelea hivyo hadi mwisho: mtoto mmoja, insha moja, miandiko sita! Nikafungua daftari la Nyasani. Sita. La Nyanchama. Sita. Watoto sita wa mlima wenu wameleta madaftari sita, na kila daftari limeandikwa na wote.

Nimefundisha miaka minne. Nimewahi kumshika mtoto aliyenakili kazi ya mwenzake mpaka na jina la mwenzake. Lakini wizi wa mchana peupe namna hii sijauona.

Nilipowaita mbele, watano waliinamisha vichwa. Mokeira akanitazama na kusema, "Mwalimu, mimi nililimiwa wa kwanza." Darasa zima lilicheka. Nilimpeleka kwa Mwalimu Mkuu.

Uamuzi ni huu. Kila mmoja wa hao sita aandike barua ya kuomba radhi na kukiri kwamba aliiba kazi, ifike Jumatatu. Asiyekiri, jina lake halitaingia kwenye orodha ya watahiniwa wa darasa la saba. Orodha inaondoka hapa tarehe 25 mwezi huu. Binti yako ndiye bora darasani, kwa hiyo tafadhali usimwache apotee kwa kiburi. Njoo shuleni tuzungumze.

Wako,
M. Obwocha


Mlimani
10 Juni 1971

Mwalimu Obwocha,

Huku tu wazima, mvua imetosha, na majani ya chai yanachipua kuliko mikono ya kuyachuna. Barua yako imefika na imesomwa mara mbili, ya pili polepole.

Kuja shuleni sitaweza. Wewe uko Magwagwa Jumatatu hadi Ijumaa, na lori la majani nalo ni hivyo hivyo. Lori halimngoji mama aliyeitwa na mwalimu. Jumamosi ni Sabato, na Jumapili tunasikia uko kwenu mjini unanyoosha suruali. Basi tuandikiane.

Mwalimu, hata huko Daraja Mbili lazima umesikia neno risaga. Shamba langu likizidiwa na magugu, majirani huja na majembe, tukalima langu leo, kesho la Nyamoita, keshokutwa la mwingine, mpaka kila mtu amelimiwa. Hakuna anayesema Nyamoita ameniibia shamba. Mwenye shamba huonyesha mpaka na kuwapikia waliokuja. Mavuno ni yake.

Sasa watoto wako wamepewa kazi Ijumaa. Ijumaa jua likitua Sabato imeingia, kalamu haishikwi. Imebaki Jumapili tu, na madaftari yanayongoja ni sita. Ulitaka wafanyeje? Walikuja kwangu wote. Mwenye daftari alisimulia hofu yake, wenzake wakamuuliza, "Halafu?", na kila mmoja akalima aya yake. Niliwapikia ndizi na mboga za chinsaga. Wakimaliza daftari moja, wanashika lingine. Mpaka jua linazama walikuwa wamelima yote sita, na walikuwa wamechoka kabisa.

Nakuuliza swali moja. Mwizi gani huacha mwandiko wake ndani ya nyumba aliyoibia? Kidole kimoja hakivunji chawa, Mwalimu. Mokeira hataandika kwamba ameiba, kwa sababu hakuiba. Na usipoweka jina lake kwenye hiyo orodha, utakuwa umeng'oa mahindi ukidhani ni magugu.

Mimi,
Bathsheba, mama Mokeira


Shuleni, Magwagwa
11 Juni 1971

Kwa Mama Mokeira,

Barua yako nimeipokea, na suruali yangu inakushukuru kwa kuikumbuka.

Risaga naijua. Shangazi zangu wamelimiana maisha yao yote. Na kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nakubali. Lakini mtihani si chawa. Mwezi wa Novemba kila mtoto ataketi kwenye dawati lake, na kati yake na jirani patakuwa na nafasi ya mtu kupita. Mokeira akikwama kwenye sentensi ya pili, Nyasani atakuja na jembe? Nyanchama atamuuliza "Halafu?" Hapana, Mama. Hakutakuwa na ndizi wala chinsaga, atakuwa yeye na karatasi.

Sitaki kumtesa binti yako. Nataka ajue sauti yake mwenyewe ilivyo kabla ya siku hiyo. Kwa sasa siijui, kwa sababu kwenye insha yake kuna sauti sita zinazopigania mkeka mmoja.

Barua ya kukiri bado naisubiri. Jumatatu.

Wako,
M. Obwocha


Darasa la Saba
14 Juni 1971

Kwa Mwalimu Obwocha,

Ulitufundisha kwamba barua ya kuomba radhi ina aya tatu: kosa, majuto, na ahadi. Nitafuata hivyo.

Kosa langu ni kwamba sikukuuliza unataka kazi ifanywe vipi. Ulisema, "Mkafanye nyumbani." Nyumbani kwetu kazi kubwa hufanywa vile. Mimi ndiye niliyewaita wenzangu, kwa hiyo kama kuna adhabu nyingine, ianze kwangu.

Majuto ninayo mawili. Ninajuta kwamba ulifikiri nimekufanyia mzaha mbele ya darasa. Sikucheka, waliocheka ni wengine. Pia ninajuta kumpa Nyasani aya ya pili. Aliandika kwamba mbuzi alilia kama tarumbeta, na siku ile hapakuwa na mbuzi. Ilikuwa ni siku nyuki walipomvamia mama shambani. Nilitaka kuikata, lakini mtu akija kukulimia huwezi kumwambia jembe lake ni butu.

Ahadi yangu ni kwamba safari nyingine nitauliza kwanza.

Neno la kuiba nililiandika kwa penseli nikalifuta. Utaona karatasi imechubuka mahali hapo. Ulitwambia kwamba uongo katika insha hunuka hata kama mwandiko ni mzuri. Nataka sana kufanya mtihani, Mwalimu. Nimeutaka tangu darasa la nne. Lakini sitauingia kupitia neno lile.

Mwanafunzi wako,
Mokeira


Shuleni, Magwagwa
15 Juni 1971

Kwa Mama Mokeira,

Watoto watano wamekiri, na majina yao yameingia kwenye orodha. Barua zao zinafanana kama mayai ya kuku mmoja, lakini ungamo ni ungamo. Amebaki binti yako, ambaye ameniandikia barua nzuri sana isiyo na lile neno moja ambalo Mwalimu Mkuu analitaka. Zimebaki siku kumi.

Acha nikuambie jambo. Jana nilichukua barua yako ya tarehe 10 nikaisoma mbele ya darasa lote. Sikutaja jina, lakini mwandishi mzuri hujulikana. Niliwaambia: sikilizeni. Huyu ni mzazi, anatoka shambani mikono ikiwa na utomvu wa majani, na tazameni anavyoandika! Ana mzaha, ana hoja, anajua pa kuchoma na pa kupuliza. Kwa nini barua hii ina nguvu? Kwa sababu ni kazi ya mtu mmoja aliyeketi peke yake na mawazo yake. Hivyo ndivyo ninavyotaka muandike.

Wale watano wa mlima wenu walicheka mpaka Ombati akaanguka kutoka kwenye benchi. Niliwauliza kuna nini cha kuchekesha, wakazidi kucheka. Mokeira peke yake hakucheka, alikuwa akitazama dirishani. Nimewapa kufyeka uwanja wote.

Mama, wewe mwenyewe ndiye ushahidi wangu. Mwambie mtoto aandike kama mama yake.

Wako,
M. Obwocha


Mlimani
18 Juni 1971

Mwalimu Obwocha,

Watoto wamefyeka uwanja, na kweli wamekosa adabu kukucheka. Lakini sasa itabidi na sisi utupe panga.

Barua ile ya tarehe 10 tuliiandika watu saba.

Ilikuwa Alhamisi, tumemaliza kulima kwa Nyamoita, tumeketi kivulini tukila. Mimi ndiye mwenye shamba la maneno, kwa hiyo niliwaonyesha mpaka: mtoto hakuiba, hataandika kwamba ameiba. Yaliyobaki yalilimwa na wenzangu. Ile suruali ni ya mama Ombati, ndiyo maana Ombati alianguka. Mwizi na mwandiko wake ni maneno ya Nyamoita, mwenye miaka sabini, na alituamuru tusiyabadilishe. Chawa ni wa jirani yetu Nyamusi. Kung'oa mahindi ni maneno yangu mimi. Mkono ulioshika kalamu ni wa Orpah, mama Nyasani, ambaye alisoma mpaka darasa la sita na mwandiko wake haurithiwi, kama unavyoona kwa mwanawe.

Hata hii tunaiandika hivyo hivyo, na hapa wenzangu wanacheka.

Hatukukusudia kukudanganya. Hukuuliza, na sisi hatukujua kwamba barua lazima iwe na mtu mmoja. Lakini sasa tazama ulichofanya, Mwalimu. Watoto watano waliandika barua moja ya kuungama, wakainakili mara tano kwa sababu waliogopa fimbo. Huo ndio wizi hasa, na wewe umewafungulia mlango. Mmoja aliketi akaandika barua yake peke yake, neno kwa neno, hata mimi mama yake hakunionyesha. Huyo ndiye umemfungia nje. Unamtafuta mtu mwenye sauti yake mwenyewe. Anakutazama kutoka dawati la pili.

Hoja yako ya Novemba tumeizungumza, na hapo tumekupa haki. Mavuno ni ya mwenyewe, na kwenye mtihani hakuna wa kumsaidia. Basi mjaribu. Mfungie mahali peke yake, mpe karatasi, mpe kichwa chochote. Akishindwa, liache jina lake nje, na mimi sitakuandikia tena. Akiweza, liandike kwa wino.

Mimi Bathsheba, pamoja na Orpah, Nyamoita, Nyamusi, mama Ombati, mama Nyanchama na mama Nyamongo


Shuleni, Magwagwa
22 Juni 1971

Kwa Mama Mokeira na jeshi lake,

Barua yenu niliipata Ijumaa jioni, nikaenda nayo Kisii nikashinda nayo siku mbili. Niliona aibu, na nasema wazi. Nilisimama mbele ya watoto thelathini na wanane nikasifu upweke wa watu saba. Dada yangu alipoisoma alicheka kuliko Ombati.

Nilizisoma upya zile barua tano. Hata kosa la mkato liko mahali pamoja katika zote. Mmenishika.

Jana saa nne nilimweka Mokeira kwenye stoo ya majembe, mlango wazi, mimi nimeketi nje. Nilimpa kichwa kile kile, "Siku Niliyoogopa Sana", na dakika arobaini. Dakika kumi za kwanza hakuandika kitu. Nilimwona anageuza kichwa kulia, kisha kushoto, kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Nilitaka kuingia nimwambie mimi mwenyewe, "Halafu?" Kisha akainama, na hakuinua kichwa tena mpaka nilipogonga kengele.

Nanakili hapa mwanzo wake, bila kurekebisha:

"Siku niliyoogopa sana ni leo. Nyuki niliwaogopa, lakini nyuki walipokuja tulikuwa wengi na tulikimbia pamoja. Leo niko na majembe kumi na mawili na hakuna mtu wa kuyashika. Nimegeuka kulia, Nyasani hayupo. Nimegeuka kushoto, Nyanchama hayupo. Nikajiuliza, kama wangekuwapo wangesema nini? Nyasani angetia mbuzi. Nikamwambia moyoni, hapana Nyasani, leo shamba ni langu. Hapo hofu ikapungua kidogo, nikaanza kulima."

Nilimpa alama kumi na nane juu ya ishirini. Mbili nilizikata kwa sababu ya haraka mwishoni, msije mkadhani nimenunuliwa kwa ndizi. Nilimpelekea Mwalimu Mkuu insha ile na barua zenu zote, hata ile ya suruali. Alizisoma zote. Kisha akanipa kalamu yake ya wino, nami nikaandika jina la Mokeira kwenye orodha kwa mkono wangu. Neno wizi nimelifuta katika kumbukumbu za darasa, kwa wote sita.

Tangu wiki hii nimebadilisha kazi. Ijumaa mchana darasa zima linalima kwa mdomo: mmoja anasimulia, wengine wanauliza "Halafu?" mpaka magugu yaishe. Baada ya hapo kila mtu anakwenda kuvuna peke yake, na Jumatatu naleta mundu wangu mwekundu. Miandiko sita sitaki kuiona tena.

Lakini hamjaniponyoka. Mama Mokeira, ulisema mtoto afungiwe peke yake na karatasi, na mtoto amekubali. Wewe je? Nina barua zako mbili, na kati ya maneno yote hayo yaliyo yako ni yale ya mahindi tu. Ni maneno mazuri. Siku moja ningependa kupokea barua ya Bathsheba mwenyewe.

Wako,
M. Obwocha


Nyakoe
14 Januari 1972

Kwa Mama Mokeira,

Salamu kutoka shule mpya. Kama ulivyosikia, nilihamishwa mwisho wa mwaka, na sasa niko Nyakoe, karibu na nyumbani. Suruali zangu zinanyooshwa kila siku. Watoto wa huku tayari wanajua neno "Halafu?" na wenzangu walimu wanadhani nina wazimu.

Niliondoka kabla ya matokeo. Nasikia yametoka, lakini hakuna aliyeniambia kuhusu Mokeira, nami nimekuwa nikitazama kila mtu anayeshuka kutoka upande wenu wa Nyamira kana kwamba amebeba habari zake. Tafadhali nijulishe. Hata kama ni mbaya, nijulishe.

Barua niliyokuomba mwezi wa Juni haikufika. Sikulaumu. Ilikuwa ni mzaha wa mwalimu aliyeshindwa.

Wako,
Manasseh Obwocha


Mlimani
30 Januari 1972

Mwalimu Obwocha,

Mimi ni Bathsheba. Niko peke yangu. Orpah alikuja asubuhi nikamwambia rudi, leo sina risaga. Alikasirika kidogo.

Mokeira amepita. Ameitwa shule ya wasichana, kidato cha kwanza. Baba yake alikuja kutoka kazini Kericho kumpeleka. Alibeba sanduku kichwani mpaka barabarani, yeye mwanaume, watu wakatazama. Nyasani pia amepita kidogo. Atarudia darasa.

Sasa nitafanya ile kazi yako. Kichwa ni Siku Niliyoogopa Sana.

Siku niliyoogopa sana ni siku barua yako ya kwanza ililetwa. Mokeira aliniwekea mkononi akaenda kuchota maji. Niliona jina langu juu lakini sikujua ni jina langu. Nilijua tu ni wino. Niliishika hivi na hivi. Nilifikiri, mtoto wangu ako ndani ya hii karatasi na mimi sijui kama anakufa au anapona. Niliiweka ndani ya nguo nikaenda nayo kwa Orpah. Tulikuandikia imesomwa mara mbili. Ni kweli ilisomwa. Si mimi nilisoma.

Wale wanawake wote walijua. Walinifichia, hata wakati wa kucheka. Wewe hukujua. Ulisoma ile barua mbele ya watoto ukasema huyu mama anaandika. Mokeira alirudi nyumbani hakula. Aliniambia mwalimu amekusifu kwa kitu huwezi. Nilikosa kulala.

Halafu ukaandika wewe je.

Hapo nikamwambia Mokeira nifundishe. Alinifundisha tangu Julai, kila jioni baada ya majani, na yeye ana mtihani wake. Alikuwa mkali kukushinda. Desemba nilisoma barua yako ya kwanza mwenyewe. Ulikuwa na hasira nyingi, Mwalimu. Nilicheka.

Hii barua nimeanza wiki iliyopita. Karatasi tatu nimetupa. Nikikwama nilijiuliza Nyamoita angesema nini, kama Mokeira alivyofanya kwa stoo. Lakini sikumwita. Mficha uchi hazai, hayo ni maneno yake, nimeyachukua bila kumuuliza. Hayo tu.

Chukua wino wako mwekundu, sahihisha, unirudishie. Usinipe alama za huruma. Mokeira amesema anataka kuona nimepata ngapi.

Bathsheba